Nilichojifunza kwa Sauti ya Dadangu

Sijawahi kusoma kitabu kikaniingia. Nalisema hili nikiwa na shahada ya chuo kikuu na miaka ishirini ya kazi ya ofisi huko Changamwe, na ninajua linavyosikika. Macho yangu hupita juu ya ukurasa, nikaufunga, nisikumbuke hata mstari. Jambo hunikaa kichwani nikilisikia likisemwa na mtu, hasa mtu anayelisema bila haraka. Chuoni nilihakikisha kila mwaka nimepata rafiki anayesoma kwa sauti, nikakaa karibu naye na kitabu changu wazi mapajani, kwa ajili ya heshima tu. Hakuna niliyemwambia. Mtu wa kwanza niliyemsikiliza hivyo alikuwa dadangu, na ni yeye ninayetaka kumwandika hapa.

Tulizaliwa Kisauni, upande wa Junda. Dada alinizidi miaka miwili, lakini maradhi ya utotoni yalimchelewesha shule, tukajikuta darasa moja. Mama alisuka mikeka ya kuagizwa, na dada alimsaidia kusuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Kila alasiri tukitoka madrasa, dada alikaa barazani miguu ameinyoosha, vidole vikaanza, na mdomo ukafuata. Alirudia masomo yote ya shuleni ya siku ile. Aligombana na mwalimu asiyekuwapo.

"Nani kasema moyo uko kushoto? Uko katikati, umeinamia kushoto. Haya, na damu inayotoka mapafuni inaingilia wapi?" Akavuta ukindu mwingine, akajijibu mwenyewe.

Mimi nililala kwenye mkeka kando yake, macho nimeyafumba. Ukili ulipofika urefu wa mlango, nilikuwa nimeshika somo zima.

"Muamshe huyo mvivu akasome," mama aliita kutoka uani.

"Mwache, mama. Kachoka."

Katika mitihani ya darasani mimi nilikuwa wa tatu au wa nne, naye hakupata nafasi bora kuliko ya ishirini. Baba, aliyekuwa karani wa ghala na mtu wa mpangilio, alitafuta sababu akaiona miguuni pa binti yake. Miezi miwili kabla ya mtihani wa darasa la nane aliuondoa ukindu wote, akatukalisha mezani, kila mmoja na kitabu chake.

"Mtihani hausukwi," alimwambia dada. "Kule hutaingia na ukili. Funga mdomo, fungua kitabu."

"Ndiyo, baba."

Alikaa. Vidole vyake vikatafuta ncha za leso, vikazisuka na kuzifumua, mpaka baba alipogonga meza. Mimi nilikuwa mkabala naye, nikigeuza kurasa ambazo sikuzihitaji, kwa kuwa yaliyomo nilikuwa nimekwisha kuyasikia. Niliona anavyofifia. Sikuwa mtoto mdogo wa kutoelewa. Nilielewa kwamba anachonyang'anywa ndicho anachosomea, na kwamba ndicho nilichosomea mimi pia. Siku moja baba aliniuliza mimi husoma vipi.

"Nasoma tu, baba."

Akamgeukia dada. "Umemsikia mdogo wako?"

Matokeo yalipotoka, mimi nilipata nafasi ya shule ya bweni, yeye akabaki nyumbani. Aliolewa, akapata binti mmoja, akafiwa na mume. Kisha akaingia shule ya chekechea moja huko Mtopanga kama msaidizi, na baada ya muda akapewa darasa la watoto wa miaka minne. Alilifundisha miaka kumi na minane. Darasani mle hakuna aliyemtaka atulize mikono.

Mwaka juzi uongozi wa shule ulitangaza kwamba kila mwalimu awe na cheti cha ualimu wa chekechea. Asiye nacho alipewa mwaka mmoja, baada ya hapo hatakuwa na darasa. Dada alijiandikisha kwenye kozi ya mwishoni mwa wiki mjini, kisha akaja kwangu na mfuko wa vitabu.

"Bwana profesa, nimekuja kuandikishwa."

"Una ada?"

"Nina mahamri."

Tulicheka, na nilifurahi kwa dhati. Niliona nimepewa nafasi ya kurudisha kitu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake na ratiba niliyoichora kwa rula, kalamu za rangi nne na kadi za muhtasari. Dakika arubaini za kusoma kimya, dakika kumi za kupumzika, dakika arubaini tena. Nilipoona vidole vyake vinacheza na kona ya kadi, nilimwambia atulie. Nilisema kwa upole, lakini nilisema maneno ya baba.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa na ushahidi wote, tangu barazani kwetu. Jibu la kweli halinipendezi: kumsomesha kwa njia yake kungenilazimu nikiri yangu. Mtu mwenye shahada hutarajiwa kujua kusoma kunakwendaje, na mimi nilikuwa nimejua tu kulala macho yakiwa yamefumbwa kando ya mtu anayesema.

"Umesoma?" nilimwuliza kila dakika arubaini zilipokwisha.

"Nimesoma."

"Umeelewa?"

"Nimesoma, mdogo wangu."

Miezi ilikwenda hivyo. Mazoezi aliyoyaandika yalikuwa mafupi na ya woga, na akaanza kusema kichwa chake kimeshika kutu. Zilibaki wiki sita kabla ya mtihani wa cheti. Jumamosi moja nilifika mapema kuliko kawaida, na kabla sijabisha hodi nikamsikia uani akimsuka binti yake nywele.

"Mtoto wa miaka miwili akichukua kitu cha mwenziwe hajaiba. Hajui bado changu na chako. Hilo huja baadaye, taratibu. Sasa wewe, uliyelificha chanuo langu, una miaka mingapi? Inamisha kichwa."

"Mama, na hili la chanuo limo kwenye mtihani?"

"Limo. Swali la kwanza. Haya nambie, lugha ya mtoto inaanzia wapi?"

Aliendelea hivyo, nywele hadi nywele. Yote yaliyokuwa kwenye kadi zangu yalikuwa kinywani mwake, na mengine ambayo kadi hazikuwa nayo, aliyoyaona kwa watoto wake wa darasani. Nilikaa kwenye kizingiti. Nilitambua baada ya muda kwamba nimefumba macho.

Siku ile nilizitia kadi mfukoni zisitoke tena. Wiki sita zile dada alikuna nazi, akachambua mchele, akasuka nywele za binti na za majirani, nami nikamwuliza maswali. Alisema mpaka nikashangaa. Alimpinga mwandishi wa kitabu, akamtolea mifano, wallahi akamshinda. Nilirudi nyumbani kila jioni nikijua saikolojia ya watoto kuliko nilivyojua kazi yangu, nikaamini tumefaulu.

Nilichokisahau ni safari ya kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi. Kujua mtu anajifunza vipi nilikudhani ndio mwisho wa kazi, kumbe ni mwanzo. Alihitaji mwaka wa kuzoeshwa kusema sentensi moja, kuiandika, kusema nyingine, kuiandika, hadi kalamu iufuate mdomo kama mdomo ulivyovifuata vidole. Mwaka tulikuwa nao. Nilikuwa nimeutumia kumnyamazisha.

Siku ya mtihani nilimsubiri nje ya ukumbi. Alitoka miongoni mwa wa mwisho, tukasimama kivulini mwa ukuta, akaanza kunipa maswali moja baada ya jingine na majibu yake. Mikono ilikuwa ikienda hewani. Hakukosea hata moja.

"Na uliandika hivyo hivyo?"

Mikono ikashuka. "Palikuwa kimya mno. Nikipapasa meza, msimamizi ananiambia nawasumbua wenzangu. Kanambia mara mbili." Akajifunga mtandio vizuri. "Niliandika kidogo kidogo."

Hakufaulu. Jioni ya matokeo nilikwenda kwake nikamweleza kila kitu: baraza, macho yaliyofumbwa, lile jibu nililompa baba. Nilitaraji hasira, na nafikiri niliihitaji.

"Nilijua hulali," alisema. "Mtu aliyelala hasogei karibu sauti ikishuka. Ndiyo maana nilikuwa nikipaza."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nimwambie nini? Ulikuwa unapasi."

Nilimwomba turudie mwaka ujao, safari hii kwa njia yake tangu siku ya kwanza. Aliniangalia kwa huruma, yeye akinihurumia mimi, akasema amechoka kuambiwa atulie, na mwakani darasa litakuwa la mtu mwingine hata akifaulu. Shule ilikuwa imempa kazi ya jikoni. "Kupika uji hakuna cheti," alisema, akacheka peke yake.

Mwezi uliopita nilipita Mtopanga asubuhi kumpelekea dawa ya presha. Nilimkuta mbele ya sufuria, mwiko mkononi. Mlangoni alikuwapo mwalimu mpya, binti mpole wa miaka ishirini na kitu, daftari limefunguliwa.

"Shikamoo, bibi. Yule anayeuma wenzake leo kaniuma mimi."

"Marahaba. Kakuuma wakati gani?"

"Nilipomwita kwa jina aache kucheza."

"Basi usimwite jina mbele ya wenzake." Mwiko ulikuwa ukizunguka, na sauti ya dada ilikwenda nao, ileile ya barazani. Alieleza kwa nini mtoto huuma, lini huacha, na umpe nini mikononi kabla ya kumwambia neno. Binti yule aliandika, akafungua ukurasa wa pili, akaandika tena. Alipomaliza alisema asante, bibi, akarudi darasani na daftari lake.

Dada akaniuliza kama nitakunywa uji.