Baada ya Msimu

Mama alikuwa na kanuni moja ya biashara, na kanuni hiyo ilinitia hasira kwa miaka mingi: hauzi usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye nyumba ambamo hajala.

Tulitoka ziwani na magunia ya usipa mkavu, tukapanda lori hadi Mbinga, kisha tukaendelea kwa miguu mpaka Ukata. Tukifika nyumba ya kwanza, Mama hakugusa gunia. Alisalimia, akavua kandambili, akauliza habari za kahawa na za yule mgonjwa wa mwaka jana. Baadaye ndipo alipochota usipa kiganja kimoja, wa juu kidogo na wa chini kidogo, akampa mwenye nyumba aupike. Tulikula wote, ugali wao na usipa wetu. Hapo mwenye nyumba alijua kama una mchanga, au kama ulinyeshewa kabla haujakauka ukawa mchungu. Akiridhika, ndipo mauzo yakaanza. Jua lilikuwa limeshafika utosini na sisi tumeuza nyumba moja.

Nyumba hiyo ya kwanza ilikuwa ya mjane mmoja Mmatengo, rika la Mama. Hawakuelewana lugha za nyumbani, kwa hiyo walipiga soga kwa Kiswahili, cha Mama kikinuka kanisa na cha mwenzake kikinuka soko. Walitaniana utani uleule kila mwaka.

"Nyie watu wa ziwani mnapanda kilima kama mnakanyaga mchanga," mjane alimwambia.

"Na nyie mmechimba mashimo ya ngoro mlima mzima," Mama alijibu. "Mgeni aweke wapi mguu?"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha za khanga. Mimi nilikaa pembeni nikihesabu nyumba zilizobaki.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda milimani na magari yao, mitumba ikajaa sokoni, na watu ambao hawakuwahi kuuza hata fungu la nyanya wakaanza kujiita wafanyabiashara. Ikatangazwa semina ya biashara ndogondogo kwenye ukumbi wa parokia. Mimi, mwanamke niliyeachika, mwenye cheti cha darasa la saba na kichwa kikubwa kuliko cheti, nilikwenda kukaa mstari wa mbele.

Mwalimu alikuwa kijana kutoka Songea, suruali imenyooka kwa pasi. Alituambia tuandike siku yetu ya kazi, saa kwa saa, tuone inavujia wapi. Nikaandika siku ya Ukata: kutembea, kukaa, kusubiri maji yachemke, kula, kucheka, kuosha vyombo. Kuuza kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kuosha vyombo. Niliona aibu, nikaifunika karatasi kwa mkono jirani asisome.

Sitamtukana kijana yule, maana aliyotufundisha yalikuwa kweli. Nilipata meza sokoni Mbinga, mahali pamoja, mteja ajue pa kunikuta. Nilichambua usipa, mkubwa mbali na mdogo mbali, na uliovunjika nikawauzia wafuga kuku. Niliufunga kwenye mifuko ya nailoni inayoonyesha ndani. Nilipatana na mwanamke mmoja kule ziwani awe ananitumia mzigo kila wiki. Masika, usipa usipokauka vizuri, niliuza maharage ili meza isilale tupu. Biashara ikasimama. Tuliezeka nyumba kwa bati, na mimi nikaanza kutembea nimeinua kidevu.

Mama nilimweka mezani. Alikuwa anautambua usipa mbovu kwa kunusa tu, na nani mwingine ningemwamini? Alikaa pale asubuhi hadi jioni, akasalimia kila aliyepita, lakini wengi walikuwa na haraka. Jioni alikuwa amechoka kuliko siku za kupanda milima. Niliona, nikajiambia ni uzee.

Siku moja katika msimu wa kahawa mjane akatokea sokoni. Walishikana mikono juu ya meza, kila mmoja upande wake, wala hawakujua waanzie wapi. Nyuma yake watu walikuwa wamejipanga.

"Mama, watu wanasubiri," nikasema.

Mama akampa mfuko. Mjane akauweka puani, akanusa, akanusa tena. Nailoni haikumwambia kitu. Akaubana kwapani, akamuuliza Mama, "Mwenzangu, utakuja lini?"

Mama alinitazama mimi. Aliyenizaa na kunibeba mgongoni alikuwa ananiomba ruhusa, na mimi sikushtuka.

"Baada ya msimu, mama mkubwa," nikajibu kwa niaba yake.

Baada ya msimu kulikuwa na mzigo wa Krismasi. Baada ya Krismasi mvua. Mwaka uliofuata Mama alikumbusha mara moja tu, kwa upole, kama anayeuliza kuhusu hali ya hewa, nami nikasema jambo lilelile. Kisha magoti yakamshika, akawa anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni.

Ndipo nilipozinduka. Nikamwambia nitakodi gari, tutafika Ukata mara moja na kurudi.

"Kwa gari?" Mama alisema. "Nishuke mlangoni kwake sijachoka, sina njaa wala vumbi miguuni. Niseme nimekuja kufanya nini?"

Nilibembeleza, nikakasirika, nikalia. Alikataa. Mwaka uleule tukamzika kule ziwani.

Sasa nina meza mbili, na ninaitamani njia ile kwa namna ambayo sikuitamani hata siku moja nilipokuwa naipita. Natamani ule moshi wa kuni, natamani kusubiri maji yachemke. Natamani hasa kumsikia Mama akicheka ndani ya nyumba ya mtu.

Baada ya msiba nilikodi gari, nikapeleka taarifa mwenyewe. Mjane alisikia muungurumo, akatoka nje akijifunga khanga vizuri.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia, lakini hakusimama. Alinipita, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akachungulia ndani.