Mstari mwekundu wa Mwanaima wa Somanga

Saa tisa kasoro dakika tano alasiri. Mwanaima Pazi anafungua kibanda cheupe cha vipimajoto, anachungulia, anakifunga haraka. Mezani anaandika saa kwenye daftari kubwa la kituo: 1200. Anaitazama. Anaitazama tena.

"Siku hizi naogopa hata saa," anasema.

Ana sababu. Mama huyu wa miaka 44 amepima hali ya hewa katika kituo hiki kidogo cha Somanga kwa miaka kumi na tisa. Machi hii ya 1996 serikali inapunguza wafanyakazi, na wapimaji watatu wa hapa watabaki wawili. Orodha ya wanaoachishwa inatoka Ijumaa.

Yeye kaponzwa na macho yake. Usiku mmoja wa Januari radi zilipiga mbali baharini, huku Somanga nyota zikiwaka. Ghafla, juu kabisa ya wingu, pasipo na radi, akaona mianga myekundu imesimama wima, ina mizizi inayoning'inia. Ikazimika kabla hajapepesa macho. Ikarudi mara mbili.

"Nilimwita Xaveri, mlinzi wetu. Akasema, 'Dada Mwanaima, achana nayo hayo, yana wenyewe.' Nikamwambia wenyewe wanisamehe, mimi nimeajiriwa niandike ninachokiona."

Akaandika. Wenzake wakamwita Mama Mashetani.

Mtafiti mmoja wa radi jijini Dar es Salaam alipopata nakala ya daftari, hakucheka. Alimwandikia kwamba wataalamu wa nje wameanza karibuni kuipiga picha mianga ya namna hiyo, nao wanatafuta mashahidi wa ardhini ili walinganishe na picha za setilaiti. Barua yake ya pili ilikuwa fupi: kwa saa iliyoandikwa, 0310, setilaiti haikuonyesha wingu lolote baharini.

"Nililia, kaka yangu. Nikasema macho yamekwisha, na kazi imekwenda."

Wiki iliyopita alikuwa akimenya mihogo redio ikatangaza saa tatu. Kisu kikamwanguka. Daftari la kituo hufuata saa za Grinwichi, Uingereza, zinazohesabiwa tangu usiku wa manane, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Mwanaima, kwa kiwewe, aliandika saa ya nyumbani, saa tatu na dakika kumi usiku, badala ya 1810. Maskini mtafiti akatafuta wingu kwenye picha za saa kumi na mbili asubuhi. Simlaumu mama huyu. Nani aone maajabu akakumbuka Grinwichi?

Ila kosa la daftari halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu na mwenye kosa huweka sahihi. Mkuu wa kituo huihesabu mistari hiyo, na safari hii ndiyo itakayoamua nani aondoke. Kwa miaka kumi na tisa Mwanaima hakuwa na hata mmoja.

"Xaveri aliniambia, 'Nyamaza, nani atajua?' Nikamwambia, nikinyamaza, ile mianga itakuwa uongo."

Jumatatu akapiga mstari. Akatia sahihi pembeni. Barua ya masahihisho ameituma kwa basi; jibu bado.

Namuuliza atafanya nini Ijumaa jina lake likiwemo.

"Nina watoto wanne, usinifanye nilie tena," anasema. "Nitanunua daftari la shule. Masika inakuja, mawingu yatakuwepo. Nitakaa uani kwangu, nitaandika."

Kwa saa ipi?

"Zote mbili," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.