Majogoo Sita na Shingo Zao

Nianze na habari njema, maana mimi mwenyewe siwezi kusoma kitu kabla sijajua kama kinaisha vibaya: manyoya yalipita. Msimamizi wetu aliyapokea Jumatatu, akayakunja moja moja dirishani, akasema "sawa," na neno hilo kinywani mwake ni kama vigelegele kwa mtu mwingine. Kilichoponea chupuchupu ni siku ya dada yangu.

Ninafanya kazi Kitale, katika karakana ndogo iliyo juu ya duka la mbolea. Tunatengeneza nzi bandia wa kuvulia: ndoano ndogo inazungushiwa uzi na manyoya mpaka trauti, yule samaki wa mito ya baridi, adhani ni mdudu aliyetua majini. Wanaofunga ni akina mama, kila mmoja na jiliwa lake dogo la kushika ndoano. Mimi, mwenye shahada ya takwimu, ninachagua manyoya.

Mwezi wa kwanza nilijaza daftari zima majedwali. Urefu, rangi, upande wa shingo ambako unyoya umetoka. Nilipomwonyesha msimamizi, mama aliyefunga nzi tangu mimi sijaanza shule, aliligeuza mara mbili.

"Hii daftari yako tukiifunga kwa ndoano, itaelea?"

Akina mama walicheka mpaka majiliwa yakatikisika. Kisha alinifundisha kwa dakika tano. Nzi anayeelea anataka unyoya wa shingo ya jogoo mzee. Unaukunja, na vijinywele vyake vinasimama wima kama meno ya kitana. Unaugusisha mdomoni, unakuchoma kidogo. Wa jogoo mchanga unalala, na wa kuku jike unanywa maji na kuzama. Ukiona fundo kubwa la manyoya laini pale chini, weka kando. Basi. Ila mimi sikujua kuacha. Hata msalani nilikuwa nakunja unyoya, nikijiuliza kama ule wa jana ulisimama zaidi, na kama wa jana ulikuwa mbaya, je, yale mia tatu niliyopitisha asubuhi?

Wiki hiyo wakwe wa dada walikuwa wanakuja nyumbani kwetu, upande wa Lugulu, kuzungumza mahari. Walikuwa wameahirisha mara moja, na dada alikuwa hajalala vizuri tangu hapo. Mama alinipigia simu nipitie soko la Bungoma Ijumaa ninunue majogoo sita wa kienyeji, kwa sababu kwetu mkwe hapewi kuku wa kizungu. Nilimuuliza msimamizi kama naweza kurudi na ngozi za shingo. Akasema nilete, ataona.

Pale sokoni nilishika majogoo mpaka wauzaji wakanichoka. Nilikuwa napuliza shingo, nakunja unyoya, naugusisha mdomoni.

"Kijana, unanunua ama unaposa?" muuzaji mmoja aliniuliza.

"Naangalia tu."

"Sasa si umbusu tumalize, bana!"

Nilirudisha majogoo vijana waliokuwa wanono, shingo zao laini kama pamba. Nikachukua wazee sita: wekundu wanne wenye shingo za kung'aa, na wawili wa madoadoa ambao karakana inawatafuta sana. Kucha za nyuma ya miguu zilikuwa ndefu kama vidole vyangu, nami nilifurahia, kwa sababu ni dalili ya umri. Nilienda nyumbani nikihesabu nzi watakaotoka humo. Nyama haikunijia akilini hata mara moja.

Jumamosi asubuhi nilichuna ngozi za shingo zikiwa kavu, kabla majogoo hawajaingizwa kwenye maji moto ya kunyonyolea. Senge, dada yake baba, ambaye ndiye mkuu wa jikoni siku kama hizo, aliniona.

"Mkwe ataletewa kuku aliyevuliwa shingo?"

"Senge, ni ngozi tu."

"Kuku wa mkwe anafika mezani akiwa mzima. Huko chuo hawakuwafundisha?"

Lakini ngozi zilikuwa tayari zimepakwa chumvi. Saa nne sufuria zikapanda motoni. Saa sita Senge alichoma paja kwa uma, uma ukakataa kuingia.

"Huyu bado anawika," alisema.

Wakaongeza kuni. Wakatia papai bichi. Mimi nilizunguka jiko kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, nikisoma kwenye simu namna ya kulainisha nyama, mpaka mke wa mjomba akaniambia mwanamume hasimami jikoni ila akija kupasua kuni. Nikapasua kuni. Saa nane kamili wageni walifika, wazee saba na akina mama watano, wakapewa chai. Saa tisa wakapewa chai tena. Dada alitoka akiwa na gauni lake jipya, akafunua sufuria, akafunika.

"Nilitaka ununue chakula," aliniambia polepole. "Wewe ukanunua manyoya."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejisikia afadhali. Watu hukumbuka walichokula siku ya mahari miaka na miaka, na akilini nilimwona dada kwa wakwe zake, mzee kabisa, bado akiitwa yule ambaye kwao walitulisha matairi.

Saa kumi Senge aliamua: yatosha. Ugali wa wimbi ukatangulia, kisha majogoo. Mimi nilipewa birika la kunawisha mikono, kwa hiyo nilikuwa nimesimama hapo hapo, bila mahali pa kujificha, wakati baba mkubwa wa bwana harusi aliponyanyua shingo kutoka kwenye sahani yake. Aliigeuza.

"Huyu jogoo wenu," alisema, "amekuja bila kola."

Mama aliangalia sakafu. Nikasikia mdomo wangu ukijibu kabla sijaupa ruhusa.

"Ni mimi, Mzee. Nilichukua ngozi ya kazi. Tunatengenezea nzi wa kuvulia samaki."

"Ati samaki wanakula shingo ya kuku?"

"Hawali, Mzee. Wanadanganywa."

"Nani anawadanganya?"

"Mimi."

"Na ulisoma chuo kikuu?"

"Ndiyo, Mzee. Miaka minne."

Alicheka mpaka akaweka shingo chini ashike mbavu. Mwenzake aliyekaa kando akasema wangoje, labda hata mahari watadanganywa, na baba naye akacheka. Kisha mzee akauma nyama. Akatafuna. Nilitazama taya lake likienda na kurudi, na sijawahi kuliombea taya la mtu namna ile.

"Hawa kuku wa siku hizi," alisema akiwa bado anatafuna, "wanaisha mdomoni kama mkate. Huyu, mtu anajua amekula jogoo. Niongezeeni mchuzi."

Mchuzi ulipelekwa, ukaitishwa tena. Kumbe kuchemka kwa saa sita kulikuwa kumetoa kitu ambacho hata Senge alikionja mara mbili bila kusema. Mazungumzo yakaanza, yakaenda vizuri, na kabla jua halijazama vigelegele vilitoka sebuleni, vya kweli.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeketi juu ya kuni nilizopasua. Dada alinikuta huko na sahani: ugali na kipaja cha jogoo mwekundu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na furaha.

"Wamekubali," alisema. "Kula, hujala tangu jana."

Akaketi kando yangu na gauni jipya, bila kuangalia kama kuni zina uchafu. Nyama ilikuwa ngumu kweli. Nilitafuna mpaka masikio yakauma, naye akinicheka, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo sikuwa nafikiria chochote.