Ubao Kwapani

Arusyak alikagua soksi kiwandani Gyumri miaka thelathini na moja, na hakuna tundu lililompita. Alistaafu na tabia hiyo. Mlango akishaufunga hurudi kuuvuta mara mbili. Mwavuli huubeba hata Agosti, jua likiwaka. Kwenye nardi, ule mchezo wa ubao, kete na dadu, ndiyo usiseme: kete zake zilitembea mbili mbili kama watawa, maana kete ikiachwa peke yake, mpinzani huipiga ikaanza safari upya.

Jirani yake Hmayak, fundi saa aliyefiwa na mkewe, alikuwa kinyume chake. Kete zake aliziacha ovyo, za wenzake akaziwinda, na hakuwahi kuisamehe iliyo peke yake, hata ya mama mkwe wake. Miaka tisa walicheza uani kila alasiri, wakitukanana kwa raha zao.

Alhamisi hiyo ilikuwa ya mwisho. Kesho yake Hmayak alikuwa anahamia Yerevan kwa binti yake. "Nitakuja kuwasalimia," alisema, na Arusyak aliwajua watu wa kuja kusalimia. Roho ilimuuma kweli kweli. Lakini desturi ni desturi: anayefungwa huondoka na ubao kwapani, na sharti aurudishe mwenyewe ili alipe kisasi. Ubao ulikuwa wa Arusyak. Kwa hiyo leo ilimpasa ashinde tu.

Mambo yakamwendea kombo. Hmayak alikuwa mbele, na kwa kucheza kama kawaida yake, Arusyak angefungwa taratibu na kwa heshima zote. Akavuta pumzi, akaitoa kete moja peke yake, ikakaa hatua nne tu mbele ya kete za Hmayak. Ikipona, zamu ijayo ataifunika na kuzizibia njia kete mbili za nyuma za Hmayak.

"Mama wewe, una homa?"

"Tupa dadu, bwana. Maneno utaongea Yerevan."

Akatupa. Nne na mbili.

Arusyak akafumba macho. Alipofumbua, kete yake ilikuwa palepale. Hmayak alikuwa amesogeza nyingine, pembeni kabisa, kwa adabu ambayo hakuwa nayo tangu azaliwe.

"Hiyo nne hukuiona?"

"Macho, jirani. Ndiyo uzee."

Asubuhi ileile, mbele ya Arusyak, alikuwa ameokota skrubu ya saa ya mkononi kwenye zulia, bila miwani.

Nusu saa baadaye Arusyak aliufunga ubao, akamsokomezea kwapani.

"Jumapili, saa nane mchana," akasema. "Na usiuangushe."

"Na nikifungwa tena?"

"Utaubeba tena."

Hmayak akauweka ubao vizuri chini ya mkono. "Basi," akasema, "macho haya sidhani kama yatapona."