Kipande cha mwisho cha Gode

Godelieve, jirani yangu hapa Baraka, anatengeneza taa za kuvulia ndagala, samaki badogo ba ziwa. Bitu byake binatoka Uvira: balbu ndogo, nyaya, na kale kadude keusi ka miguu mitatu kanakozuia betri isiungue. Jina la kadude hako hakuna anayelijua muzuri, hata bauzaji. Njo maana Gode ana sheria: kipande cha mwisho hakitumiwi. Kinakaa mu mukebe wa maziwa. Bingine bikiisha, Néhémie, mwenye pikipiki, anakipeleka Uvira mukononi, anarudi na binavyofanana nacho.

Mi ni muvuvi, na kelele zangu mutaa muzima banazijua. Mwezi uliopita taa yangu ilikufa. Nikaenda kumugombeza Gode mbele ya bateja bake mpaka akainamisha kichwa. Alifungua mukebe, mi nikiendelea kugomba tu, akaingia kazini, akanirudishia taa ikiwaka. Nikaenda zangu, nimejaa kiburi.

Wiki ileile muzee Henri akamuagizia taa kumi na mbili za bavuvi bake, ziwe tayari kabla ya giza la mwezi, siku za kuvua kwa taa. Zikikosa, atanunua za dukani, na Gode atafunga mulango, maana muteja mwingine mukubwa hana. Bidude bilikuwa bimeisha. Néhémie akaenda na karatasi tu, akarudi na bidude bya miguu mine.

Nikakasirika tena, eti kwa ajili yake. Nikamuuliza kile kipande cha mukebe kiko wapi, ni mujinga gani amekitumia.

«Kiko mu taa yako, yaya,» akasema polepole, kama mudogo anavyomuambia kaka mukubwa.

Eh! Nilitamani ardhi inimeze. Nikaenda kuchukua taa, nikaiweka mezani kwake, nikamuambia aifungue. Mutumbwi wangu ulikaa muchangani siku tatu. Muke wangu Immaculée alinicheka siku zote tatu, na alikuwa na haki.

Néhémie alipeleka kile kipande Uvira, akarudi na bipande ishirini, bya miguu mitatu kweli. Taa za muzee Henri zilikuwa tayari siku moja kabla ya giza. Yangu aliitengeneza ya kwanza.

Kisha akaniletea mukebe, ndani kipande kimoja.

«Mukebe ukae kwako, yaya. Muntu akikigusa, piga zile kelele zako.»

Juzi Gode mwenyewe alikuja kukiomba akitumie, bingine bimeisha, maana mujane mumoja, taa yake imekufa, alikuwa analia mulangoni kwake. Nilimunyima, tena kwa kelele. Alicheka, akamutuma Néhémie Uvira nacho mukononi.