Jibini Isiyonukia Moshi

Enzi zetu mtoto hakuachishwa ziwa na mama yake, aliachishwa na bibi. Ninyi wa rika langu mliokulia Bukombe na Ushirombo mnajua ninachosema. Mtoto akishaanza kutembea, mama anamfungia vinguo vyake kwenye khanga, anampeleka kwa bibi, anamdanganya kwamba anakwenda kisimani mara moja, basi, hamwoni tena mpaka amelisahau ziwa.

Mimi nililelewa hukohuko kwa bibi, kwa hiyo niliwaona wadogo zangu wakiletwa mmoja mmoja. Siku ya kwanza ilikuwa kilio mtindo mmoja. Bibi hakubembeleza sana. Alichukua kijinga cha moto akakisugua ndani ya kibuyu mpaka moshi ukolee, ndipo akamimina maziwa ya ng'ombe mmoja tu, tena ng'ombe anayemjua tabia. Maziwa ya ng'ombe wawili hakuyachanganya. Alikuwa akisema, "Tumbo changa halipokei wageni wengi kwa pamoja." Alionja kwanza yeye, kisha ndipo mtoto akapewa uji wake wa mtama wenye maziwa. Sisi wakubwa tulikaa pembeni na michembe ya viazi vikavu mdomoni tukingoja kukomba chungu. Halafu tulimbeba mgongoni kwenda kucheza kombolela, na ole wako ujifiche naye halafu acheke. Mama alipokuja kumchukua, mtoto alimkimbia akajificha nyuma ya bibi, na bibi alicheka hadi machozi.

Siku hizi mtoto akikohoa, simu inaulizwa kabla ya bibi. Ndiyo maana mwezi uliopita, niliposikia mjukuu wangu Masanja ameshaanza kutembea, sikusubiri kuitwa. Nilitenga ng'ombe wangu mpole, nikafukiza kibuyu, nikapanda basi hadi Nyahanga, pale Kahama, anakoishi binti yangu Neema. Sikumwambia mtu kilichonipeleka. Nilitaka kurudi na mtoto.

Nilimkuta Masanja kitini, mbele yake kisahani chenye kitu cheupe kama chaki, kinatikisika.

"Shikamoo mama," alisema Neema. "Karibu. Masanja anakula jibini."

"Marahaba. Jibini ndiyo nini?"

"Ni maziwa yaliyogandishwa, mama. Laini, haihitaji hata meno."

Nikainusa. Haikunukia moshi, haikunukia ng'ombe, haikunukia kitu. Mimi kitu cha maziwa kisicho na harufu sikiamini.

"Ng'ombe wake yuko wapi?"

Neema akacheka. "Mama, mimi nimeinunua dukani. Ng'ombe wake nitamjulia wapi?"

"Ng'wanone, mwanangu wewe, unamlisha mtoto maziwa ya ng'ombe ambaye hakuna mtu aliyemwona?"

"Yamechemshwa, mama. Nesi wa kliniki ndiye aliyenielekeza, na chumvi yake ni kidogo. Mwanzo nilimpa kidogo kidogo, nikimwangalia tumbo."

Nikaonja kwanza mimi, kama bibi. Niliutafuta ubaya wake kwa ulimi, kwa meno na kwa moyo mbaya kabisa, sikuuona. Ilikuwa laini, baridi, na Masanja alikuwa ameninyooshea mkono akidai nirudishe chakula chake. Hata hivyo sikukata tamaa.

"Sawa," nikasema. "Sasa mfungie nguo zake, nikamwachishie ziwa kule nyumbani."

Neema aliacha kucheka. Alinishika mkono. "Mama, ameshaacha. Wiki iliyopita. Hakusumbua hata kidogo."

Nilisema ni jambo jema, na kweli ni jema. Lakini liliniuma. Wadogo zangu sasa wana mvi, na ukimtaja bibi mbele yao wanafuta macho. Mama walimlilia siku chache tu, bibi wanamlilia mpaka leo. Masanja ameacha ziwa bila kumlilia mtu yeyote, na mimi nilirudi nyumbani peke yangu.