Kadi Mbili na Kiwiko cha Mama Mkwe

Mwalimu Breki alikuwa amefundisha watu udereva miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akisema "kanyaga mafuta." Neno lake lilikuwa "polepole," na kabla hajalimaliza, mguu wake ulikuwa umeshafika kwenye breki ya ziada, ile ya upande wa mwalimu. Jina likamganda. Hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo hivyo.

Siku moja mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima mwenye haraka zake, alikuwa akirudisha gari nyuma huku Mwalimu amesimama nje anamwonyesha kwa mikono jinsi ya kuliegesha. Gari lilikuja kwa kasi asiyoitegemea. Mwalimu, kwa mazoea, akakanyaga breki. Pale nje hapakuwa na breki. Akakanyaga hewa, akateleza, akaingia mtaroni, goti likageukia upande ambao magoti hayageukii. Gari lenyewe halikumgusa hata kidogo, na hilo ndilo alilowaficha watu wote waliokuja kumpa pole.

Akapewa magongo na amri ya kukaa nyumbani mpaka goti lipone. Sasa sebule ya nyumba ile ndiyo pia karakana ya mkewe, fundi cherehani wa sare za shule. Mwalimu akawa anakaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, anamtazama mkewe anavyoshona.

"Punguza mwendo kwenye kona," alimwambia siku ya kwanza, mkewe alipokuwa anazungusha kola.

Siku ya pili alimuuliza kwa nini hatazami nyuma kabla ya kurudisha mshono. Siku ya tatu fundi aliacha kazi, akampigia simu mdogo wake, mwenye kibanda cha vifaa vya simu. "Niletee kitu cha kumfunga huyu mdomo," alisema. "Chochote. Kabla sijamshona."

Ndivyo shemeji alivyokuja na kifaa cha gemu cha mkononi, kile chenye kioo katikati na vitufe pembeni, kimeshatumika lakini kizima. Ndani yake mlikuwa na gemu ya kuendesha basi la abiria kwenye barabara za milimani. Mwalimu akajitia hamnazo, akasema hayo ni mambo ya watoto. Kufika jioni alikuwa hasikii hata akiitwa kula. Aliendesha basi lile kwa mwendo wa jeneza, akatoa ishara kila kona, na abiria wa ndani ya gemu walipolalamika aliwajibu kwa sauti.

Ila kulikuwa na jambo moja lililomtoa roho. Kila alipofungua gemu, kioo kilikuwa cheusi, na katikati kikaduara kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka. Yule mtu aliyehubiri subira maisha yake yote alianza kutikisa kifaa kama chupa ya dawa ya maji. "Twende basi! Twende!" alikuwa anafoka. Mkewe alidondosha mkasi. Neno "twende" hakuwahi kulisikia kwenye kinywa kile tangu wafunge ndoa.

"Tatizo ni kadi," shemeji alisema alipokuja kumjulia hali. "Gemu umeihamishia kwenye hiyo kadi ya memori uliyonunua dukani. Kadi kubwa, lakini nzito kama tembo. Mimi kibandani ninayo moja, shemeji, inaruka."

"Kadi yangu ina tatizo gani? Nilichagua mwenyewe."

"Uliichaguaje?"

"Rangi."

Wakabishana siku mbili, shemeji kwa shemeji, mpaka fundi akagonga meza kwa futi yake ya mbao. "Pimeni! Mbona mimi sibishani na kiuno cha mtu? Napima, nakata, basi."

Basi Jumamosi asubuhi wakakaa kupima. Gemu ilinakiliwa kwenye kadi zote mbili, na nakala nyingine ikabaki ndani ya kifaa chenyewe. Kadi zote zilikuwa nyeusi na ndogo kama ukucha, kwa hiyo fundi akazitia alama kwa chaki yake ya kukatia nguo: nyeupe ya mumewe, buluu ya mdogo wake. Yeye ndiye angeshika saa ya simu. Kifaa kingezimwa kabisa kila mara, ili kisianze kikiwa kimeshapata moto. Hapo hawakubishana.

Walibishana kwenye mwisho. "Basi likionekana tu, simamisha saa," alisema shemeji.

"Kuonekana si kuwaka," alijibu Mwalimu. "Mimi gari nalihesabu limewaka honi ikiitikia. Nikibonyeza honi ikaitika, hapo simamisha."

Wakakubaliana honi.

Gemu ya ndani ya kifaa ilianza kwanza. Honi iliitika kwenye sekunde ya kumi na tisa. Wakatazamana, wakatikisa vichwa kama madaktari. Kisha ikaja zamu ya kadi ya chaki nyeupe. Mwalimu akabonyeza, kikaduara kikaanza kuzunguka. Wakati huo huo mama mkwe, aliyekuwa akikaa nao, alitoka chumbani akiwa amevaa vizuri, mikono inang'aa mafuta, tayari kwenda kliniki ya macho. Akaegemeza kiwiko kwenye kimeza cha pembeni, akamuuliza mkwe wake goti linaendeleaje, akamuuliza mwanawe wa kiume lini ataoa, akajijibu mwenyewe, akaaga, akatoka. Kikaduara bado kilikuwa kinazunguka.

"Piiip!"

"Arobaini na sita," alisema fundi.

Mwalimu alinywea. Akaichomoa kadi yake taratibu, akaiweka kwenye kimeza karibu na ile ya buluu. Shemeji alisimama kuishangilia aibu ya mwenzake, akarusha mikono juu, na paja lake likakipiga kimeza kikapinduka. Kadi zote mbili ziliruka. Sakafuni palikuwa na vipande vya vitambaa, vifungo, nyuzi, pini. Wakapekua, wakakung'uta, Mwalimu akachomwa pini mara nne. Kadi hazikuonekana.

Mlangoni mama mkwe alikuwa amerudi kuchukua mwavuli uliokuwa umeegemezwa pale pale kwenye kimeza. Aliinama, kiwiko kikagusa sakafu, akauokota, akauliza kama kuna mtu amekufa, akaambiwa hapana, akaenda zake.

Ni dakika kadhaa baadaye fundi aliponyanyuka ghafla. "Mama ana mafuta mikononi. Na kiwiko chake kiligusa sakafu papo hapo!"

Mwalimu na shemeji walitoka mbio, yaani shemeji alitoka mbio na kifaa, naye Mwalimu akafuata kwa magongo, akisimama kila njia panda kutazama kulia na kushoto.

Kliniki ilikuwa na ukumbi mrefu wenye benchi ukutani, na wagonjwa wamekaa safu, karibu wote wameshatiwa matone ya kupanua mboni, wanatazama mbele kwa macho ya mtu aliyeamshwa usingizini. Mama mkwe alikuwa wa tatu kutoka mwisho, shali imemfunika mikono. Mwalimu alipiga moyo konde. Si jambo dogo kumwomba mama aliyekuzalia mke akuonyeshe kiungo mbele za watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari," alisema mama mkwe akitazama ukungu uliokuwa mbele yake.

"Naomba kiwiko."

"Kiwiko? Mimi nimekuja kwa macho."

"Najua, mama. Lakini naomba nikione."

Mama mkwe aligeukia jirani yake kwenye benchi. "Huku wanaanza na kiwiko?"

"Mimi hawakunitazama kiwiko," alijibu jirani, ameudhika. "Daktari, na cha kwangu je?"

Kabla Mwalimu hajajieleza, viwiko vitano sita vilikuwa vimeshanyooshwa kando ya benchi. Shemeji aliegemea ukuta akicheka hadi machozi. "Mama, ni mkweo huyo!" alisema hatimaye. Mama mkwe akafunua shali kwa hasira, na kweli, kwenye kiwiko cha kushoto, imebanduka nusu, palikuwa na kadi. Mwalimu aliibandua kwa ncha za vidole kama anayemtoa mtu mwiba.

Chaki ilikuwa imefutika. Mafuta yalikuwa yamekula nyeupe, au buluu, Mungu ndiye ajuaye.

"Ni yako," alisema shemeji.

"Tuipime tujue."

Ikafutwa kwa pindo la shati, ikachomekwa, na safu nzima ya wagonjwa ikaelezwa kinachoendelea. Hakuna aliyekuwa anaona kioo, lakini kila mmoja alitaka kushiriki. Wakahesabu kwa sauti moja. "Limetokea?" aliuliza mzee mmoja. "Bado!" walijibu wengine, ambao nao hawakuwa wanaona kitu. Walipofika ishirini na tisa honi ililia ukumbi mzima, na wagonjwa wawili wakavuta miguu kupisha gari. Muuguzi alichungulia mlangoni akiwa amekunja uso.

"Nani ameingiza basi humu?"

Benchi zima likamwonyesha Mwalimu kwa viwiko.

Njiani kurudi, shemeji alitembea kifua mbele: ishirini na tisa, kwa hiyo kadi ni yake, imeshinda. Mwalimu naye alidai ni ile ile yake, ila imelainishwa na mafuta. Walifika nyumbani sauti zimewakauka, wakamkuta fundi amekaa mbele ya cherehani, mikono amekunja. Mbele yake palikuwa na sketi ya shule, na kwenye upindo, chini kabisa, kadi ya pili, sindano imeipasua katikati na kuvunjikia humo humo. Alama ya chaki nyeupe ilionekana vizuri kandokando ya tundu.

Mwalimu aliinama kuikagua. "Ulikuwa unakwenda kasi," alisema.

Fundi aliwapa wembe na koleo dogo, akawawekea sketi mapajani. Wakakaa kochi moja, shemeji na shemeji, wakifumua mshono tundu kwa tundu mchana mzima, huku basi likiungurumishwa na mama mkwe, aliyerudi kutoka kliniki na kukinyakua kifaa, akisema hahitaji kuona vizuri, barabara anaisikia.